Mifugo ya Ata Ndani ya Kioo

Majani makavu yakilowa hutoa harufu ambayo mtu wa nchi yenye mvua huenda asiitambue kuwa ni harufu. Kwetu Lodwar ilikuwa ajabu. Mji wetu unanuka vumbi, moshi wa makaa, mbuzi, na dizeli ya malori yanayotoka Kitale. Hata mvua ikinyesha, harufu ya ardhi hudumu kidogo tu kabla jua halijairamba. Lakini msimu mmoja, nilipokuwa darasa la tano, kona moja ya hoteli ya mama yangu ilinuka msitu. Sikuwa nimewahi kuona msitu. Nilijua tu kwamba nikifunua ubao uliolifunika lile sanduku la kioo na kuinamisha uso, nilivuta hewa baridi, yenye utamu wa kitu kinachooza polepole bila kuchukiza, na moyo wangu, ambao tangu utotoni hukimbia bila kufukuzwa na mtu, ulitulia kidogo. Chini ya uso wangu yalikuwa maji ya rangi ya chai ya rangi, na ndani yake samaki wadogo wa fedha walipita kama watu wenye shughuli zao.

Hoteli nasema kwa heshima. Ilikuwa kibanda cha mabati chenye meza chache, na sisi tuliishi chumba cha nyuma. Mama, aliyezaliwa upande wa Kitale na kuolewa Turkana, alipika chai, mandazi na maharagwe, na Baba alikuwa dereva wa lori aliyepita nyumbani kama mvua, yaani tulimtarajia kuliko tulivyomwona. Siku moja Mama alikwenda Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, kwa fundi mmoja Mkongomani, Papa Furaha, aliyesifika kwa kutengeneza makabati ya vioo ya kuwekea mandazi. Alirudi jioni juu ya lori la Baba akiwa amekumbatia kabati kweli, ila lilikuwa limejaa maji nusu, limefunikwa kwa kanga, na ndani mlikuwa na samaki. Papa Furaha alikuwa amepewa samaki hao na mfanyakazi wa shirika fulani aliyemaliza mkataba na kurudi kwao. Sasa yeye mwenyewe alikuwa anahamishiwa makazi mapya ya Kalobeyei, na hakuona namna ya kuwasafirisha tena. Alimbembeleza Mama awachukue, na kabati akampunguzia bei. Mama alipiga hesabu zake za biashara: samaki hai hotelini watavuta wateja. Masharti ya Papa Furaha aliyakariri njia nzima ili asiyasahau, akatuigiza na lafudhi yake: “Mama, hii maji ya Turkana iko na chumvi mingi. Hizi samaki ni ya kwetu, ya maji ya pori, maji inafanana chai. Ukizitia mu maji bule hivi, zitakufa. Tafuta majani yenye imeanguka yenyewe. Ya mbichi hapana. Na mwarobaini, hapana kabisa!”

Pamoja na samaki tulipewa mfuko uliobaki nusu wa kitu ambacho mwenyewe wa kwanza alikuwa amekiagiza kutoka mbali. Ulikuwa mboji mwepesi wa kahawia, wenye nyuzinyuzi, uliotokana na mimea midogo ya mabwawa ya nchi za baridi iliyoozea majini kwa miaka mingi. Ulitakiwa kufungwa ndani ya soksi ya nailoni na kuning’inizwa kwenye kona ya maji, nao ungeyatia rangi na kuyapunguzia ukali. Maji yetu ya kisima yalikuwa makali kweli. Sufuria za Mama zilikuwa na ukoko mweupe usiotoka hata kwa mchanga. Mboji ulipoanza kupungua tukageukia majani. Karibu kila mti uliotia kivuli mjini ulikuwa mwarobaini, na ule tulikatazwa, kwa hiyo nilikwenda hadi kwenye uwanja wa ofisi moja ya serikali ambako kulikuwa na mti mmoja wa mkungu, ulioishi kwa sababu bomba la pale lilivuja. Majani yake mapana yaliwiva mekundu, yakaanguka, yakakauka kama ngozi. Niliyaokota, Mama akayaosha na kuyachemsha, kisha tukayatandaza chini ya kioo. Wateja walikuwa na la kusema. “Mama Akiru,” alidai dereva mmoja wa bodaboda, “yaani samaki wamekunywa chai kabla yangu? Na mimi ndiye nimelipa?” Mama akamjibu kwamba samaki hawakopi.

Chuoni nilisomea mambo ya mazingira, kwa hiyo leo najua kwamba majani na mboji hutoa asidi nyepesi, na kwamba maji yenye chokaa na magadi kama yetu huimeza asidi hiyo karibu yote. Huenda tulichowapa wale samaki kilikuwa rangi tu, na kivuli, na mahali pa kujificha. Huenda hilo lilitosha. Nimelifikiria jambo hili kupita kiasi, kwa maana mimi ni mtu wa kurudia swali hata baada ya mwenye jibu kuondoka.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Baba alirudi kutoka upande wa Nakalale akiwa amemleta mama yake, ambaye sisi tulimwita Ata, kama Waturkana wanavyomwita bibi. Alishuka kwenye lori na shuka moja, kigoda kidogo cha kukalia na kulazia kichwa, na kibuyu cha maziwa kilichokauka mpaka kikapasuka mdomoni. Mbuzi wake walikuwa wameisha. Si kwamba walipungua, waliisha. Desturi ya Waturkana ni kwamba aliyepoteza mifugo huinuka akawazungukia ndugu, wakwe na marafiki, akiomba mbuzi huku na mbuzi kule mpaka zizi lianze upya, na anayeombwa hana ruhusa ya kuudhika, kwa sababu kesho ni zamu yake. Baba alimwambia angempeleka popote anapotaka kuomba. Ata akakataa. Alikaa chumbani ametazama ukuta wa mabati. Chakula alikionja kwa adabu tu. Ukimsalimu “Ejok, Ata,” aliitikia “Ejok” kwa sauti ya mtu aliyeko chumba kingine. Nilimsikia Baba akimwambia Mama kwamba mtu akikaa hivyo muda mrefu haamki tena, na kwamba amekwisha kuwaona wazee wawili wakienda namna hiyo bila ugonjwa wowote. Kisha akaondoka na lori lake, kwa sababu mzigo haungojei huzuni. Mimi nikabaki na maneno yake kama mtu aliyeachiwa kaa la moto mkononi.

Kilichomtoa Ata chumbani ni kiu. Alikuja hotelini kutafuta maji ya kunywa, akaliona sanduku. Alilitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa Kiturkana, “Hawa wanakamuliwa?”

“Hapana, Ata.”

“Wanachinjwa?”

“Hapana. Ni wa kutazamwa tu.”

Akawaza. “Basi mama yako amefuga njaa,” alisema, “na amejenga zizi la kioo ili kila mtu aione.” Wateja walicheka, na ingawa Ata hakucheka, alivuta kigoda chake akaketi. Kesho yake alirudi mwenyewe. Mtu wa mifugo hawezi kukaa karibu na kundi bila kulijua, awe anataka au hataki. Baada ya muda alikuwa amewapa majina kwa rangi zao, kama wanavyopewa mbuzi: mwenye tumbo jekundu akawa Nareng, mwenye madoa akawa Lomeri, na yule mweupe mkubwa aliyewasukuma wenzake akawa Lokwang. Hakuwahesabu kamwe. Mfugaji hahesabu, hutupa jicho mara moja akajua nani hayupo. Alinigombeza nikichelewa kuokota majani. Alimwambia Mama kwamba Nareng ana mimba, jambo ambalo sijui alilijuaje na ambalo sikuthubutu kulipinga. Na alianza kula. Mama, aliyekuwa akiona sahani ikirudi tupu, alifunga mdomo wake kama anayechelea ndege asiruke.

Soksi ndiyo iliyomsumbua Ata. Siku moja nilipokuwa nikibadilisha mboji, alichota kidogo kwa vidole, akanusa, akatia mdomoni. Aliutema mbali. “Tumbaku hii imekufa zamani,” alisema. “Haina hata pilipili. Aliyemuuzia mama yako ni mwizi.” Nilimweleza kwamba si tumbaku, ni majani ya mabwawa yaliyooza. Alinitazama kwa huruma. “Ndivyo mwizi alivyokwambia?” Inafaa msomaji ajue kwamba kwa wazee wa kwetu tumbaku si starehe tu. Wakikutana, salamu ikiisha, mkono hunyoshwa, na aliye nayo humega akatoa. Akijifanya hana ilhali anayo, watu humkumbuka kwa hilo hata akiwa kaburini. Ata alikuwa na kipande cheusi alichoachiwa na Baba, amekifunga kwenye pindo la shuka. Alikimega kama mtu anayekata dhahabu. Na kwa macho yake, kila siku alikuwa anakaa mbele ya kundi lake, yeye anatafuna tumbaku nzuri, wao wamening’iniziwa takataka.

Siku chache baadaye, niliporudi kutoka shule kula chakula cha mchana, samaki walikuwa juu ya maji, wamegeuza midomo kuelekea hewani. Mmoja alizunguka kama jani kwenye kimbunga cha vumbi, akalala ubavu. Nilipiga kelele. Mama alikuja mbio na unga mikononi, akaitoa soksi, akainusa, akaifungua. Juu ya mboji wa zamani kulikuwa na vipande vya tumbaku, vimekatwa vizuri, vidogo vidogo, kama mtu anavyomkatia nyama mtoto asiye na meno. Ilikuwa tumbaku yote. Ata hakujibakizia hata chembe. Mama alisimama ameshika ile soksi inayotiririka, akaonekana kama amepigwa kofi na mtu ampendaye. Kisha akaamka. Tulijaza beseni maji safi, tukatupia majani yaliyokuwa yamebaki kwenye ndoo, tukawahamisha samaki kwa chujio la chai. Wengi hatukuwawahi. Lokwang alipona, na wengine wawili wadogo ambao hawakuwa na majina bado.

“Akiru, nisikilize,” Mama alisema. “Ata asijue. Umesikia?”

“Akiuliza?”

“Tutasema majani yalikuwa mabaya. Mtu amezika zizi zima juzi, utamwambia na hawa amewaua yeye?”

Ata alikuwa kwa jirani. Aliporudi aliinama juu ya beseni, akatupa lile jicho lake. “Nareng hayupo,” alisema. “Lomeri hayupo.” Mama alisema, kwa Kiturkana chake cha kuvunjikavunjika, kwamba majani ndiyo yaliyoharibu, kwamba pole. Ata alimtazama Mama, akanitazama mimi. Mimi nilitazama chujio la chai. Alichukua kigoda chake, akarudi chumbani, akaugeukia ukuta.

Siku zilizofuata sikusoma kitu. Mwalimu aliandika ubaoni nami nikaona mabati ya chumba chetu. Niliwaza: tukimwambia, atakufa kwa majuto, tusipomwambia, anakufa hata hivyo, na sasa hajui kwa nini. Niliwaza labda anajua. Niliwaza labda hajui, na anaamini kwamba kila anachokitazama kwa upendo hufa, jambo lililokuwa baya kuliko tumbaku. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye, lakini kwangu mjukuu huyo siku zote hutangulia kuzaliwa kabla ya babu. Sahani ya Ata ilirudi imejaa. Mama alianza kumwaga chai nje ya vikombe vya wateja.

Ndipo asubuhi moja, hoteli imejaa watu walioteremka kwenye malori, Ata alitoka chumbani amejifunga shuka vizuri, akasimama katikati ya meza. “Mama Akiru,” aliita. “Tumbaku yangu uliitupa wapi?”

“Tumbaku gani, mama?”

“Niliyowapa samaki. Ulipoitoa kwenye ile soksi uliitupa wapi? Ilikuwa nzuri.”

Mama aliweka birika chini. Wateja waligeuza vichwa, kwa maana wengi walikielewa Kiturkana. Ata hakupandisha sauti, na maneno yake nimeyabeba hivi, ingawa najua kumbukumbu hupanga vitu vizuri kuliko vilivyokuwa: “Mbuzi wangu nimewatafutia kosa tangu walipokwisha. Nilihama mapema? Nilichelewa? Nililala nikasahau kitu? Nimetafuta nimekaa, nimetafuta nimelala, sikupata. Nilifanya kila kitu nilichofundishwa, na wamekufa. Sasa mtu wa namna hiyo akipewa mbuzi wengine atafanya nini tofauti? Kwa nini niende kumwomba mtu mnyama wake, nimpeleke kufa tena bila sababu?” Akaonyesha sanduku tupu. “Lakini hawa nimewaua mimi, kwa mkono huu. Niliwapa kitu kizuri bila kuuliza kama wanakitumia. Najua nilivyowaua. Kesho siwezi kuwaua tena hivyo. Katika kiangazi chote hiki hilo ndilo jambo la kwanza nililolielewa, na wewe, binti yangu, umelichukua ukayapa majani.”

Mama alijaribu kusema kwamba hakutaka kumuumiza. “Najua,” Ata alisema. “Unanipenda. Mimi pia niliwapenda samaki, na umeona.” Hapo dereva mmoja, mzee mwenye kofia ya manyoya ambaye sikumjua, alishindwa kujizuia. “Mama, kwani samaki walitema au walimeza?” Ata akamgeukia. “Wewe uliye na tumbaku mfukoni na hujanipa mpaka sasa, unauliza habari za samaki?” Hoteli nzima ilipasuka. Mzee yule alichomoa kipande chake haraka, akamkabidhi kwa mikono miwili, na Mama alikuwa akicheka huku akijipangusa macho kwa kanga, na mimi nilikuwa nikilia kwa sababu sikujua ni kipi kati ya hivyo viwili nilipaswa kufanya.

Tangu hapo Ata alitwaa kazi ya majani. Alikwenda nami hadi kwenye mkungu, akaliinua kila jani, akalivunja, akalinusa, akalitupa au akaliweka. Maswali ambayo hakuwauliza samaki aliniuliza mimi: hili limeanguka lenyewe au limeangushwa na mbuzi? Limelala siku ngapi? Papa Furaha alisemaje hasa? Mara nyingine nilichoka. Lakini wale watatu waliishi, na wadogo wakapewa majina. Baba alipokuja, alimkuta mama yake ameketi nje akisubiri lori. Alitaka kwenda Kakuma kwa mpwa wake, na kutoka huko apelekwe kaskazini, kwa huyu na yule, akawataja kwa majina na kwa rangi ya mbuzi aliotarajia kupewa. Aliondoka na kibuyu chake kilichoshonwa mdomoni kwa uzi wa ngozi. Msimu wa mvua ulipokuja alituma salamu kwamba zizi lina mbuzi, wachache, na kwamba mmoja, mkorofi, anaitwa Samaki. Lokwang aliishi muda mrefu baada ya hapo, kisha akafa kwa jambo tusilolijua, na Mama akalikausha sanduku akaweka mandazi.

Ata amefariki, akiwa na mifugo, nyumbani kwake. Lodwar imebadilika. Kuna hoteli yenye ghorofa ambayo mapokezi yake yana samaki ndani ya kioo kikubwa, na maji yao ni meupe kabisa, taa ya buluu juu, mimea ya plastiki chini. Ni mazuri. Nikikaa pale kungoja mtu, huona kwamba hakuna mahali samaki anapoweza kujificha, kisha najiambia kwamba hayo ni yangu, si ya samaki. Utoto wetu haukuwa bora kuliko huu wa sasa. Tulikuwa na maji machache na tuliwapa samaki tusiowala. Lakini watu wa wakati ule waliulizana, na kuulizwa hakukuwa matusi. Mimi nina shahada, na tangu nimalize nimeomba kazi nyingi Lodwar na Kakuma. Jibu hufika likiwa jema na laini: tunashukuru, tumepata mtu mwingine, tunakutakia heri. Au halifiki. Nikawa natafuta kosa langu nimekaa na nimelala. Nguo? Cheti? Jina? Salamu zangu zilikuwa ndefu? Mama hunifariji kwamba ni mambo ya kujuana tu, si mimi. Anasema hivyo kwa upendo uleule.

Wiki iliyopita nilipanda gari hadi Kakuma, kwenye ofisi moja iliyonikataa, nikaomba kumwona mama aliyenihoji. Nilimwambia sikuja kulalamika wala kuomba afikirie upya. Nimekuja kuuliza nilikosea wapi. Alishtuka kidogo, akatazama mlango kama anayetafuta shahidi. Kisha akavuta kiti. “Kusema kweli,” alisema, “ulikuwa na maswali matano. Ulijibu la kwanza tu. Ulilijibu kwa kila upande, ukarudi ukajisahihisha, muda ukaisha. Tulishindwa kukupa alama kwa yale mengine.” Nilianza kucheka, mpaka akaniuliza kama niko sawa. Niko sawa, nilimwambia. Nilimshukuru mara mbili, nikajizuia ya tatu, nikatoka nje kwenye jua la Kakuma nikiwa nimelikamata kosa langu mwenyewe.